Mgeni Mwenye Mizani



Injili ya Mtakatifu Luka, katika sura ya kumi, yatueleza jinsi Bwana wetu Yesu Kristo alivyowachagua wanafunzi wengine, akawatuma wawili wawili wamtangulie katika kila mji na kila mahali alipokusudia kufika. Hakuwatuma kwanza kwenye mabaraza ya wakubwa. Aliwaagiza waingie nyumbani mwa watu, watoe salamu ya amani, wakae humo, wale walichoandaliwa, na kuwaponya wagonjwa watakaowakuta. Tumezoea kuyasikia maneno hayo kama habari ya mapadre na makatekista peke yao. Leo twataka kuyatafakari tukiwa tumesimama mlangoni pa nyumba moja ya Handeni au ya Korogwe, katika Jimbo la Tanga, ambako wageni wawili wamepiga hodi. Hawakuleta kitabu cha dini. Wameleta daftari, utepe wa kupimia na mizani.

Wageni hao ndio wanaoitwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezi wa Januari 2024, Serikali yetu ilizindua mpango wa miaka mitano wa kuwafundisha na kuwaweka kazini wahudumu 137,294. Hesabu hiyo ina asili yake. Wakati mpango ulipoandaliwa, Tanzania Bara ilihesabiwa kuwa na vitongoji 64,384 na mitaa 4,263, na kila kitongoji na kila mtaa ulikusudiwa kupata wahudumu wawili. Wawili wawili! Hatusemi kwamba waliopanga kazi hiyo walikuwa wameifungua Injili mbele yao. Twasema tu kwamba Mkristo aionapo hesabu hiyo hana budi kukumbuka ni nani aliyetangulia kuwatuma watu wawili wawili nyumbani mwa wenye shida.

Wahudumu hao wana kazi nyingi. Huwatazama mama wajawazito na watoto wachanga, huwashauri watu juu ya malaria na kifua kikuu, huwakumbusha wagonjwa kumeza dawa zao. Katika kazi hizo zote watu huwashukuru. Lakini iko kazi moja ambayo wengi wetu huipokea kwa kicheko, au kwa hasira. Nayo ni kuwasaidia watu wazima waliozidi uzito ili wapungue kidogo kidogo na kuufikia uzito wenye afya. Hiyo ndiyo tunayotaka kusema habari zake leo.

Pengine msomaji mmoja atauliza: “Je, hayo ni mambo ya gazeti la Kanisa? Tena mwasema Handeni? Handeni ile ambayo mvua ikikosa watu huhesabu debe za mahindi zilizobaki ghalani? Unene utatoka wapi?” Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa hesabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 22 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ukawakuta 28. Na ule wa mwaka 2012, uliowapima wanaume na wanawake wa miaka 25 hadi 64, uliona kwamba katika kila watu 100, wapatao 26 walikuwa na shinikizo la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 ulimwenguni walikuwa wamezidi uzito. Njaa haijaondoka, kwani katika nyumba moja waweza kumkuta mtoto aliyedumaa na mama aliyezidi uzito, nao wamekula chungu kimoja. Ndiyo maana mhudumu hupima watu wote, wala hamwambii kila mtu apunguze. Wako wa kupunguza, na wako wa kuongeza.

Imekuwaje basi? Tuzitazame wilaya zetu hizi mbili. Mkonge ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893 ulienea katika nchi ya Korogwe, na kwa miaka mingi maelfu ya watu waliishi kwa kuukata. Mkata mkonge aliamka kabla ya jua, akainama na kuinuka mpaka matita yake yatimie. Huko Handeni mama wa Kizigua alitwanga mahindi kwa mchi na kinu, akatembea mbali kutafuta maji, akarudi na mzigo kichwani. Mtu wa namna hiyo alikula ugali mkubwa, naye aliustahili, maana jasho lake liliuteketeza wote kabla ya magharibi. Siku hizi iko mashine ya kusaga, liko bomba la maji katika vijiji vingi, iko pikipiki ya bodaboda hata kwa safari ya kwenda dukani. Hatuyalaani mambo hayo. Ni nani atakayemtakia mama yake arudie kinu na ndoo? Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini jembe lilipopungua, sahani haikupungua.

Tena sahani yenyewe imebadilika. Pita katika barabara kuu itokayo Chalinze, kupitia Mkata na Kabuku hata Segera, kisha Korogwe na Mombo. Kila basi linaposimama, pana karai la mafuta yanayochemka, pana chipsi, pana maandazi, na kreti za soda zimepangwa. Yule aliyekua kwa bada la muhogo na mlenda, kwa dona na maharage, kwa kisamvu na mchicha, sasa huona haya kumwandalia mgeni vyakula hivyo, kana kwamba ni alama ya ufukara. Hujui, ndugu msomaji, kwamba chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo tisa? Je, ungemwona mtoto akitia vijiko tisa katika kikombe chake cha chai, usingempokonya kijiko? Na mafuta ya kupikia, kwa uzito uleule, yana nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za unga. Nguvu hizo zisipotumika shambani au njiani hazipotei, bali mwili huziweka akiba, na akiba hiyo ndiyo unene.

Sasa tuone Mama Kanisa atufundisha nini. Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakristo wa Korinto kwamba mwili wa mbatizwa ni hekalu la Roho Mtakatifu, wala sisi si mali yetu wenyewe, kwa maana tulinunuliwa kwa thamani kubwa. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki husema wazi kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi yatupasa kuzitunza kwa akili, tukiangalia pia haja za wenzetu na faida ya wote. Husema pia kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kupita mpaka katika chakula, kileo, tumbaku na dawa. Lakini Katekisimu hiyohiyo yakataa mtu kuuabudu mwili, akatoa kila kitu sadaka kwa ajili ya sura nzuri. Basi Mkristo hapunguzi uzito ili ajitazame katika kioo na kujisifu. Apunguza ili apate kuishi, kulea watoto wake, kufanya kazi yake, kupiga magoti na kuinuka bila msaada, na kumtumikia Mungu siku zote alizopewa. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alisema kwamba Mungu alimfundisha kukiendea chakula kama mtu aendeaye dawa. Hakusema chakula ni sumu. Dawa hupendwa, hutafutwa, hushukuriwa, lakini hunywewa kwa kipimo.

Hapa yatupasa kuonya juu ya kosa moja kubwa. Wako watu ambao wakisikia neno kiasi, mara huwanyoshea kidole wanene na kuwaita walafi. Hilo ni dhambi ya ulimi, tena ni ujinga. Ulafi ni dhambi ya moyo, na wako walafi wengi wembamba kama fito. Unene una mizizi mingi: damu tuliyorithi kwa wazazi, uzazi wa mara kwa mara, umri, kazi ya kukaa kitako mchana kutwa, dawa nyingine za hospitali, huzuni, na mfuko mtupu unaonunua kile kinachoshibisha upesi kwa bei ndogo. Mungu peke yake apima mioyo. Mhudumu hupima kilo tu, wala sisi hatukupewa mizani ya kupimia dhambi za jirani.

Hata hivyo, liko kosa la pili, nalo kwetu sisi watu wa Tanga na wa nchi nzima ni la kawaida zaidi. Twaukuza unene kuwa cheo. Mtu akirudi kutoka mjini amenenepa, twamwambia kwa furaha, “Umenawiri! Mambo yako mazuri!” Akirudi amepungua, twamshika mkono kwa huruma na kumwuliza, “Vipi, waumwa?” Bibi arusi akipungua mwaka wa kwanza, mawifi zake husema wamemwonea, na ndugu zake husema mume hamlishi. Tena tangu miaka ya UKIMWI ilipoanza, kukonda kumekuwa hati ya mashtaka: watu hunong’ona, huhesabu siku, huepuka kukaa karibu. Basi mhudumu amwambiapo mama, “Punguza kilo nne,” hamwombi apunguze wali na mafuta tu. Amwomba akubali kusengenywa kisimani, kanisani na sokoni. Wengi hawashindwi na njaa, bali hushindwa na ndimi zetu.

Tufanye mfano. Tuwaze mama mmoja wa kitongoji kando ya barabara karibu na Mkata. Ana miaka 44, ana watoto watano, hukaanga maandazi alfajiri na chipsi jioni. Ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80. Miguu yamvimba, kichwa chamwuma, lakini husema ni uchovu. Wale wahudumu wawili waingia, watoa salamu, waketi juu ya mkeka. Wampima, kisha wamweleza hesabu: kilo hugawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa urefu wake yeye, uzito wa afya huishia chini kidogo ya kilo 64. Akivuka kilo 77 amefika pale ambapo hatari ya shinikizo la damu na kisukari huongezeka sana. Wahudumu hawampi dawa, kwa sababu hiyo si kazi yao. Wamwandikia barua aende zahanati akapimwe shinikizo na sukari. Wala hawamwamuru arudi kilo 64 kabla ya Krismasi. Wamwambia kwamba hata akipunguza kilo nne tu, yaani sehemu moja ya ishirini ya uzito wake, moyo wake na damu yake vitaanza kupata nafuu.

Mama akubali. Ndipo taabu yaanza. Jioni apika mchicha kwa mafuta kidogo, mume asukuma sahani na kuuliza kama fedha ya mafuta imeibiwa. Watoto walilia soda. Jumapili, baada ya Misa, rafiki zake wamwita “mgonjwa.” Mwezi wa pili amepungua kilo mbili, na mama mkwe atuma mtu kuuliza kuna nini katika ndoa ile. Mwezi wa tatu arudi kama alivyokuwa. Mhudumu ajapo, mama ajificha jikoni na kumtuma mtoto aseme hayupo.

Tuulize, ni nani aliyeshindwa hapa? Je, ni mama? Je, ni mhudumu? Sisi twasema walioshindwa ni watu wote wa nyumba ile, na sisi majirani pamoja nao. Tulimwachia mtu mmoja mzigo ambao Mungu alikusudia uchukuliwe na wengi. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wagalatia kwamba wachukuliane mizigo, hakutenga mizigo ya roho na ya mwili. Chungu ni kimoja, basi na badiliko liwe moja.

Yafaa kukumbuka kwamba sisi Watanzania tulikwisha kuonyesha kwamba tunaweza kufanya hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza pamoja, na walipoinuka walichimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu hawakujifunza kila mmoja chumbani kwake. Walisikiliza pamoja, wakabishana, wakatenda pamoja, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Nako Marekani, katika jamaa zenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, wako wanawake waitwao promotoras, wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuwasaidia watu wazima kupunguza uzito na kuitunza sukari ya damu. Huchaguliwa kutoka katika watu walewale wanaowatumikia, wenye lugha ileile na chakula kilekile. Sababu yaeleweka. Neno la mtu ajuaye jiko lako huingia moyoni kuliko neno la mgeni asiyejua bei ya maharage. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa mhudumu wa Handeni au Korogwe: yeye mwenyewe hula bada, hupanda bodaboda, na huzika pamoja nasi.

Basi, wapendwa, yatupasa kufanya nini?

Kwanza twasema na akina baba. Baba wa nyumba, mhudumu akija, usiondoke ukidhani ni mambo ya wanawake. Keti. Pimwa wewe wa kwanza. Shinikizo la damu halichagui jinsia, na wanaume wengi hulijua siku wanapoanguka. Mkeo akipunguza mafuta chunguni, kula na umshukuru. Ukitoka kazini na pikipiki, siku nyingine iache, tembeeni pamoja jioni. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 za kutembea kwa haraka, au kazi kama hiyo, katika wiki nzima. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mume na mke wanaotembea pamoja nusu saa, wakisali Rozari njiani, wameitunza miili yao na ndoa yao pia.

Pili twasema na akina mama. Msione haya kwa vyakula vya nyumbani. Dona si aibu, kunde si aibu, mnafu na matembele si aibu. Machungwa ya Handeni na Muheza huwa mengi sokoni, na chungwa zima likiliwa hushibisha kuliko soda, tena kwa fedha kidogo. Mboga za Lushoto hushuka Mombo na Korogwe kila siku. Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa mtu kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Wala msijinyime chakula mpaka mwili uzimie, kwani huko si kiasi. Nabii Eliya alipolala chini ya mti jangwani akitamani kufa, malaika hakumhubiria kwanza. Alimwamsha ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mungu hapendi tufe njaa. Apenda tule kwa ajili ya safari iliyo mbele yetu.

Tatu twasema na majirani na Jumuiya Ndogo Ndogo. Ndugu, tuufungishe ulimi wetu. Kwaresima twajinyima nyama, lakini neno “umekonda” hatujinyimi. Tangu leo, tukimwona mtu amepungua, tumsalimu kwa amani, basi. Tukimwona amenenepa, tumsalimu kwa amani, basi. Akitaka kutuambia habari za mwili wake, atatuambia mwenyewe. Na katika mikutano ya jumuiya, wale walioshauriwa na mhudumu wasaidiane: watembee pamoja, wapike pamoja mara moja kwa wiki, waulizane kwa upole. Katika vijiji vyetu Wakristo na Waislamu hukaa mlango kwa mlango. Jambo hili halina mpaka wa dini, na jirani Mwislamu aweza kuwa mwenzi mwema wa matembezi ya jioni.

Nne twasema na parokia na vigango. Tutazame sherehe zetu. Siku ya Komunyo ya kwanza, ya Kipaimara, ya arusi na ya jubilei, ukarimu umekuwa kuhesabu kreti za soda na sufuria za pilau. Je, haiwezekani meza yetu iwe na maji safi na matunda pia, na sahani zisijazwe mpaka ukingoni? Hakuna atakayesema wenyeji ni bahili ikiwa paroko na wazee wa kanisa watakula vivyo hivyo. Nasi tukumbuke kwamba mfungo wa Kanisa una heshima yake: si dawa ya kupunguza kilo, ni toba na sala. Afungaye mchana ili ale kwa pupa usiku hakufunga kwa ajili ya roho wala kwa ajili ya mwili.

Na ninyi wahudumu, mnaobeba mizani na daftari, twawaomba neno hili. Kilo za mtu ni siri yake. Msizitaje dukani wala katika kusanyiko. Msimpime mtu mbele ya majirani kama gunia la mahindi. Mkimkuta amerudi nyuma, msimgombeze. Mwinjili Luka atuambia kwamba Bikira Maria alipomwendea Elisabeti katika nchi ya milima, hakupiga hodi na kuondoka, bali alikaa naye miezi ipatayo mitatu. Mwili hupungua polepole, na mwenye kupunguza ahitaji mtu anayerudi. Kurudi kwenu ni dawa ya kwanza. Nasi wananchi tusisahau kwamba Bwana, alipowatuma wanafunzi wale, alisema kuwa mtumishi ana haki ya ujira wake. Kwa miaka mingi wahudumu wa vijijini walifanya kazi kwa kujitolea tu, wakitembea kwa viatu vyao wenyewe. Halmashauri, vijiji na Wakristo wenye uwezo wasiwaache wafanye kazi ya wote kwa gharama ya watoto wao.

Turudi sasa kwenye ule mlango. Yule mama wa mfano wetu amejificha jikoni. Mtoto amesimama kizingitini, ametumwa aseme uongo. Wale wahudumu wawili wamesimama juani. Habari haijaisha, kwani mwisho wake uko mikononi mwetu. Yawezekana mume atoke ndani, aseme, “Karibuni, mama yupo, na leo nataka kupimwa mimi.” Yawezekana mama mkwe, aliyesikia mahubiri Jumapili, alete fungu la kisamvu na kuketi kando ya mkwewe. Yawezekana rafiki zake wapite jioni na kumwita, “Twende tukatembee.” Mambo hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji upendo tu, ule unaoingia mpaka jikoni.

Siku ya mwisho Bwana atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Asije akatuambia, “Nilikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani mwenu, nanyi mlinicheka nilipokataa kuongezewa wali.”

Mungu aibariki kazi ya wahudumu wetu katika Handeni na Korogwe, na katika kila kitongoji cha nchi yetu. Mama Maria, aliyekwenda kwa haraka kumtumikia jamaa yake, atuombee. Na hodi itakapopigwa mlangoni, jibu letu liwe moja: karibuni, amani iwe nanyi.